Kibali cha Mlango wa Pili

Fomu imeuliza: *Idadi ya familia.*
Nikaandika moja. Nikaifuta.
Nikaandika mbili, mkono ukasita
kama wa shahidi katika talaka asiyoitaka.

Dada yangu Zuwena alirudi Ramadhani ya mwaka juzi
na watoto watatu, cherehani,
na godoro lililofungwa kamba ya usumba.
Hatukumuuliza. Arudiye kwao haulizwi, hupishwa.
Tukampisha chumba cha mbele,
kisha nusu ya ukumbi,
kisha zamu ya choo asubuhi:
mke wangu na ndoo yake, yeye na ndoo yake,
salamu zao fupi kama risiti.

Nyumba ya baba, Kipangani, Wete:
vyumba vinne na mlango mmoja.
Zuwena hakutaka mirathi ipigiwe hesabu upya.
Alitaka mlango.
Wa kuufunga akitaka, na akitaka kuufungua.

Sheha aligonga muhuri,
akaupuliza wino kama mtu apozaye uji.
Nendeni Baraza la Mji.
Baraza wakasema, nendeni Ardhi.
Ardhi wakasema, ramani ya nyumba iko wapi?

Ramani!
Baba alijenga kwa kamba na vijiti,
na jirani kamshikia ncha ya pili.

Jirani huyo ndiye aliyepinga.
Tangazo lilikaa ukutani siku kumi na nne,
mvua ikalilamba, mbuzi akalionja pembeni,
na siku ya kumi na tatu Mzee Makame Faki
akapeleka barua, herufi zimesimama wima
kama watoto wa chuoni mbele ya bakora:
*Mlango wanaoutaka utatazama uwani kwangu.
Wanangu wa kike huanika nguo pale, vichwa wazi.
Marehemu alinipa ahadi ukuta ule hautatobolewa.*

Nilighadhibika mpaka Isha.
Nikasema maneno ambayo mke wangu
aliyafungia dirisha yasitoke.
Halafu nikatoka nje na tochi, nikasimama ukutani,
nikatazama pale mlango ungekaa:
kamba ya nguo, kanga mbili, beseni la bluu.
Mzee ana haki.
Ndilo lililoniuma zaidi.

Akaja afisa wa mipango miji, kijana, Mbarouk,
futi ya chuma kiunoni, soksi zimejaa mbegu za nyasi.
Akazunguka, akapima, akazunguka tena.
Akagonga kwa vidole ukuta wa kusini.
"Utokee hapa. Hapa hamtamwona mtu.
Ila jiko hili livunjwe."

Jiko la mama.
Masizi ya miaka arubaini,
na kwenye nguzo alama ya kiganja,
pale alipojishikiza kuinuka
magoti yalipoanza kumkataa.

Nilimtazama Zuwena alie, ili nami nipate sababu.
Akaingia ndani.
Akatoka na mafiga, moja moja, matatu,
akayapanga upande wangu wa nyumba.
"Yaweke wewe," akasema. "Miye nna gesi."

Kibali kilichukua miezi saba na masharti manne.
La kwanza, vyoo viwe viwili.
La pili na la tatu sikuyaelewa,
nikayatia saini.
La nne, kisima kisigawiwe.
Hilo hata bila ya muhuri tungelitimiza.
Nyumba nambari sitini na mbili
ikazaa sitini na mbili A.
Fundi akauliza, hiyo A aiandike ndogo?
Zuwena akasema: "Kwa nini?"

Asubuhi ya kupiga mstari wa mlango
nilikuwa nimechuchumaa peke yangu, kamba mkononi,
natafuta wa kunishikia.
Mzee Makame akatokea upande wa pili.
Hakupiga hodi, wala hakuitaja barua.
Akainama taratibu, akaiokota ncha.

Nikavuta.

"Legeza," akanambia.
"Baba yako naye alikuwa akivuta mno."